Mtoto wa Nujumu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, maana nikimaliza nitawadai jibu.

Walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja. Kibibi, kifungua mimba, alijaliwa macho: mnyama akipiga hatua mbili tu, ameshajua kinachomuuma. Bunu alijaliwa mikono. Kisu kikikaa kiganjani mwake hakikosei. Shekue, kitinda mimba, alijaliwa subira, hata farasi mkorofi alitulia mbele yake.

Jirani yao, Bi Mwanamkuu, alikuwa na farasi jike mwenye mimba, jina lake Nujumu. Asubuhi moja alimkuta ameegemea nyuma, miguu ya mbele kaisukuma mbele, hataki kutembea. Majirani wakasema apigwe risasi apumzike.

Kibibi akapiga magoti, akazishika kwato. "Zina moto, Bi. Na ona zilivyorefuka mbele. Ni nafaka nyingi unayomlisha. Msimuue, huyu anapona."

Bunu akaja na kisu na tupa. Kila mwezi alipunguza ncha za kwato kidogo kidogo, asifike kwenye nyama.

Shekue akaondoa nafaka, akamlisha nyasi kavu, akamtandikia mchanga laini, akamkanda kwato kwa maji baridi. Hakukosa hata siku moja.

Nujumu akaanza kutembea. Watu wakajaa uani kumtazama Bunu akifanya kazi. "Mikono ya dhahabu hiyo!" Shekue naye akawa anapelekewa vitumbua. Kibibi hakutajwa na mtu. Wivu ukamwingia. "Bila mimi wangekuwa wanakata kwato za mzoga," alijisemea, huku akifua nguo kama anazigombeza.

Mwezi wa nne wa tiba akamwona Nujumu anaanza tena kuegemea nyuma. Akamgusa kwato: moto. Ndugu zake hawakuwa wameona kitu. Kibibi akanyamaza. Acha tuone hiyo mikono na hiyo subira zitafika wapi, aliwaza.

Siku ya tatu Nujumu akalala chini, akashindwa kuinuka. Ndipo Kibibi alipokimbia akipiga kelele, "Bunu! Shekue! Amerudiwa! Kuna mtu anampa nafaka!"

Wakaanza upya. Nujumu akapona kabisa, akazaa dume jekundu.

"Mtoto huyu ni wa aliyemponya mama yake," akasema Bi Mwanamkuu. "Ni mmoja, hagawanyiki."

"Bila kisu changu asingesimama," akasema Bunu.

"Na ningekosa siku moja tu, kaka, kisu chako kingefaa nini?" akajibu Shekue.

Wote wakamgeukia Kibibi.

"Mimi nilimwokoa mara mbili," akasema. Kisha akawatazama ndugu zake. "Lakini ile ya pili nilijua siku mbili kabla, nikanyamaza. Nilikuwa nawaonea wivu."

Bi Mwanamkuu akainamisha kichwa. "Na mtama nilimpa mimi. Nilimwonea huruma."

Kamba ya kumfungia mtoto ilikuwa bado mkononi mwake. Mtoto wa farasi alikuwa ananyonya.

Basi amueni nyinyi. Ni wa macho yaliyoona, wa mikono iliyokata, au wa subira isiyolala? Na kinywa kilichonyamaza kikakiri, kinamnyima Kibibi haki yake, au kinampa? Wewe ungemkabidhi nani kamba?