Mwanzilishi wa Desturi

Hapo zamani, katika mji ambao wakuu wake walikuwa wengi kuliko shughuli zake, palikuwa na fukara jina lake Shekue, mtu wa maneno mengi na shuka moja. Mamaye alikaa kibandani nyuma ya banda la farasi wa Sultani, ikawa Sultani ataka kukibomoa kibanda apate kulipanua banda. Basi Shekue akaenda barazani kumwombea mamaye, akaingia moja kwa moja, uso mbele.

Waziri akamkamata shuka. "Ewe mpumbavu, hapa huingiwa kinyumenyume."

"Kwa nini, Bwana Waziri?"

"Kwa sababu ndivyo iingiwavyo."

Sultani naye hakuijua sababu, na kwa kuwa hakuijua akakasirika. Akanena, "Wataka sababu? Niletee mwanzilishi wa desturi, tumuulize. Ukimkosa hata Ijumaa, kibanda chini." Wakuu wakacheka, maana mtu huyo, kama alipata kuwapo, alikwisha oza.

Shekue akalia njia nzima, kwani mamaye hakuwa na pa kwenda. Kesho yake akawahi mlangoni, akawa wa kwanza kuingia, kinyumenyume kama watakavyo, lakini amejishika sikio. Aliyemfuata akadhani imetoka amri mpya, naye akajishika lake, na wa nyuma wakaiga. Haukupita muda bawabu akamrudisha mzee mmoja kwa kosa la kuingia na masikio matupu. Mwisho Waziri akamwomba Sultani amteue mpwawe kuwa Msimamizi wa Masikio, na Sultani akakubali, mkono wake mwenyewe u sikioni.

Ijumaa ikafika. Sultani akauliza, "Yuko wapi mtu wangu?"

"Kwanza, Bwana, muulize Waziri desturi hii ya sikio ilianza lini."

Waziri akajibu bila kupepesa, "Enzi za babu yako, Bwana. Sisi tumeirithi tu."

"Basi mwanzilishi wake ndiye mimi, na nimeianza juma hili hili. Bwana alitaka mwanzilishi wa desturi, hakusema desturi ipi."

Waziri akaushusha mkono polepole. Sultani akamtazama, akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru kibanda kisiguswe, na kuanzia siku ile watu waingie uso mbele kama watu.

Waziri akauliza kwa unyonge, "Na hili la sikio, Bwana, tulifute?"

Sultani akafikiri kidogo. "Hilo endeleeni nalo. Msimamizi wake nimekwisha kumteua."