Shati la Betweli

Kiraka kilichofuliwa hakichuji. Asubuhi mmemsikia bibi mmoja akiyatamka maneno hayo kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mkatazamana, kisha mkaja mbio kuniuliza kama ni habari za kufua nguo. Ndiyo, ni habari za kufua nguo. Lakini kwanza ni habari za dharau. Kaeni niwaeleze maneno haya yalizaliwa siku gani na yalitoka kinywani mwa nani, na mkiona sauti yangu inapanda msinitulize, maana jambo hili halijapoa tumboni mwangu hata leo.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, baada ya vita vya Kagera. Ninyi mnaolalamika hamna nguo na huku masanduku hayafungiki, hamkuiona miaka hiyo. Duka la ushirika hapa Ihomelo lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Ukisikia kanga zimefika ulipanga foleni tangu alfajiri, na zamu yako ikifika ulikuta umebaki ule ubao uliozungushiwa jora. Watu walivaa kiraka juu ya kiraka. Na Ihomelo, kama mnavyoijua, si mahali pa kuifanyia baridi mzaha.

Wakati huo fundi cherehani wetu alikuwa Oresta Mgaya, ambaye watu walimwita Mama Tumaini. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, mwenye kumbukumbu ya kila kitambaa kilichopita mikononi mwake. Chini ya cherehani yake palikuwa na magunia matatu ya mabaki: pindo, mifuko, kola, vipande visivyozidi kiganja. Kutokana na mabaki hayo alishona mablanketi ya viraka, na nusu ya watoto wa kijiji hiki walikulia chini yake.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulivunja ila mara moja. Hakuna kipande kilichoingia kwenye blanketi kabla hajakichemsha kwa maji ya majivu, akakisuuza, akakichemsha tena, mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Alijifunza kwa aibu. Akiwa bado msichana anaanza kazi, alimshonea mtoto wa jirani blanketi lenye kaniki mpya. Asubuhi mtoto akaamka na shavu jeusi tii, mama yake akapiga yowe hadi mtaa wa pili akidhani mwanawe amekufa. Tangu siku hiyo, ukimletea Oresta kitambaa, jambo la kwanza lilikuwa sufuria.

Basi mwaka mmoja zikaja habari kwamba Mwenge wa Uhuru utapita Ihomelo na utasimama katika uwanja wa shule. Haukuwahi kusimama hapa. Bwana Mligo, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, alikuja hadi kibarazani kwa Oresta, akavua kofia.

"Kamwene, Mama Tumaini."

"Kamwene, Bwana Mwenyekiti. Karibu kigoda."

"Sikai, nina mambo mengi. Nataka pazia la kufunika mbele ya jukwaa, lenye rangi za bendera. Dukani hakuna kitu, umeona mwenyewe. Ninyi akina mama ndio mtakaotuokoa."

Kumbukeni maneno hayo. Ninyi ndio mtakaotuokoa. Aliyasema kwa kinywa chake, na kofia mkononi.

Oresta akaona fahari, na kwa nini asione? Akapeleka habari nyumba kwa nyumba. Siku nane kibaraza chake kilijaa wanawake na mikasi. Nyeusi haikusumbua, maana kaniki kila bibi alikuwa nayo. Buluu ilitoka kwenye sare za shule zilizochoka. Manjano ilikuwa adimu, na mtu alileta pindo la kanga ya harusi yake, mwingine akaleta pazia la dirisha na kuacha dirisha wazi. Ule ukanda mweusi wa mshazari wa bendera uliwatoa jasho, kwa sababu vipande vidogo vikikatwa kwa mshazari huvutika na kupinda. Oresta alifumua mara nne. Nyuma waliweka bitana ya mifuko ya unga, wakaishindilia sindano mpaka ikawa nzito ya kutosha kushinda upepo.

Lakini kijani hakikutosha. Kona moja nzima ilibaki wazi, na hakuna aliyekuwa na kijani.

Siku ya sita akaja Sigrada Ngailo. Sigrada alikuwa mjane, japo kwa miaka minne hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake. Mumewe, Betweli, alikuwa mgambo. Alikwenda vitani na hakurudi, wala hakuna aliyerudi akaweza kusema kaburi lake liko wapi. Kilichobaki nyumbani ni shati lake la kijani la mazoezi, ambalo Sigrada alilifua kila mwezi, akalianika, akalikunja, akalirudisha sandukuni, kana kwamba mwenyewe atalihitaji kesho.

Alilitandaza juu ya meza ya cherehani. Oresta akaweka mkasi chini.

"Hili siwezi kulikata, dada."

"Kata."

"Sigrada, hili ndilo peke yake ulilo nalo."

"Ndiyo maana nimelileta. Sandukuni analiwa na nondo. Aliondoka hapa kwa sababu ya bendera, Mama Tumaini. Basi mwache akae kwenye bendera, watu wamwone."

Oresta akalikata. Alisema baadaye kwamba mkasi haukuwahi kuwa mzito vile. Shati hilo ndilo kipande pekee ambacho hakukitia kwenye sufuria. Alikichovya kwenye beseni, maji yakabaki meupe, akakianika. Wanawake walishona kwa zamu mpaka kona ile ikajaa.

Pazia likaisha siku mbili kabla ya Mwenge. Wakalikunja, wakalipeleka shuleni na nyimbo, wakamkabidhi Bwana Mligo. Akalipokea, akashukuru, akaliweka ofisini.

Jioni ile ile shemeji yake akafika kutoka mjini na majora manne ya kitambaa kipya, jora moja kwa kila rangi ya bendera, kinang'aa mpaka unajiona. Alikipata wapi katika mwaka ule, Mungu anajua na Bwana Mligo anajua. Usiku wa kuamkia Mwenge kikapigwa misumari mbele ya jukwaa jinsi kilivyotoka kwenye gari. Hakuna aliyekitia maji. Nani atamwambia mwenyekiti afue kitu kipya?

Asubuhi ya Mwenge wanawake walivaa nguo zao nzuri wakaenda uwanjani. Palikuwa na ukungu na manyunyu, kama kawaida yetu mpaka saa nne, na chini matope. Oresta alitangulia. Aliona kitambaa kile kinachong'aa, akaduwaa. Akatafuta kwa macho kazi yao. Akaiona.

Ilikuwa chini ya ngazi ya jukwaa, imetandazwa juu ya matope ili wageni wafutie viatu. Watayarishaji walikuwa wamepanda na kushuka tangu alfajiri. Buluu ya sare za watoto wetu ilikuwa kahawia. Na Bwana Mligo, amevaa suti yake ya rangi ya maziwa, alikuwa amesimama juu yake, anatoa amri, kisigino kimoja kwenye kona ya kijani.

Mnaona? Niliwaambia msinitulize.

"Nani ameweka hiki hapa?" Oresta akauliza.

"Mimi," akajibu Bwana Mligo bila kugeuka. "Kuna matope, mama. Wageni wafutie wapi miguu?"

"Bwana Mwenyekiti, umesimama juu ya mume wa mtu."

Hapo akageuka. Akatazama chini, akacheka kidogo. "Mume gani? Mimi naona matambara."

"Hapo kwenye kisigino chako ni shati la Betweli Ngailo. Unamjua. Ulimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye lori, ukatoa hotuba."

Uwanja mzima ukageuka kutazama. Mtu mwenye haya angeshuka, akaomba radhi, yakaisha. Lakini kiburi ni kibaya, hasa kikiwa na watazamaji. Bwana Mligo akajikohoza.

"Sasa mnataka nifanyeje? Nchi ina heshima yake. Siwezi kumpokea mgeni mkubwa kwa madabwada."

"Nchi ipi hiyo yenye heshima, ambayo sisi hatumo?" akasema Oresta. "Ulikuja kwangu na kofia mkononi. Kama ulipata kizuri zaidi, ungeturudishia kazi yetu, tungeilalia. Kwa nini ukaitupa matopeni?"

Sigrada alikuwa ameshafika. Alipiga magoti na kanga yake safi, akashika kona ya kijani, akavuta. Mwenyekiti alikuwa bado juu yake. Wanawake wengine wakainama, wakashika pindo pande zote, na Bwana Mligo akalazimika kuruka pembeni asianguke.

Ndipo mwalimu mmoja akapaza sauti kutoka jukwaani: "Mwenyekiti! Kitambaa!"

Manyunyu yalikuwa yamefanya kazi yake taratibu tangu alfajiri. Kile kijani kinachong'aa kilikuwa kinatiririka ndani ya manjano. Nyeusi ilishuka kwenye buluu kwa michirizi, na chini ya jukwaa palikuwa na dimbwi la rangi isiyo na jina. Bwana Mligo akakimbilia kupangusa kwa mikono, kisha kwa leso, kisha akakisukuma kitambaa kilicholegea kwa bega kirudi mahali pake. Alipogeuka, suti ya rangi ya maziwa ilikuwa na rangi zote za taifa, ila hakuna iliyokuwa mahali pake. Watu wakacheka. Nami nilicheka, sitawaficha.

Mjumbe akaja na baiskeli: msafara umeshavuka daraja.

Bwana Mligo akateremka. Sauti ilikuwa imebadilika. "Mama Tumaini. Dada zangu. Lile... lile pazia lenu."

"Lipi?" akauliza mwanamke mmoja nyuma. "Lile dekio?"

Oresta alitaka kuondoka. Moyo wake ulimwambia alikunje, alibebe, amwache mwanamume huyu apokee wageni na dimbwi lake, na dunia nzima imwone. Ilikuwa haki yake, na angeondoka bila kosa. Lakini kona ya kijani haikuwa yake. Akamtazama Sigrada.

Sigrada alikuwa anapapasa alama za viatu kwenye shati la mumewe.

"Nilisema watu wamwone," akasema. "Basi watamwona. Litatundikwa." Bwana Mligo akanyoosha mikono alipokee. Sigrada akalivuta kifuani. "Lakini halitundikwi na nyayo. Nyayo ni zako, Bwana Mwenyekiti. Zifue."

"Mimi?"

"Ulikanyaga wewe."

Akatazama huku na huku apate wa kumtuma. Kila aliyetazamwa akatazama pengine. Basi mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mbele ya shule nzima na wazazi wao, akakunja mikono ya suti yake iliyochafuka, akachuchumaa kwenye karai la maji ya jikoni, na Oresta akamtilia majivu kwa mkono wake mwenyewe. Akafua. Hakuwa anajua, mnajua wanaume wa wakati ule. Oresta akamwelekeza: sugua kwa kiganja, si kwa kucha, utafumua mshono.

Alipofika kwenye kona ya kijani akasita. Maji ya matope yalimtisha. Akauliza kwa sauti ndogo, na hapo hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa mtu anayeogopa: "Na hiki nacho kikichuja je?"

Sigrada akamjibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Shati hili nimelifua miaka minne. Nimelifua kwa sabuni ilipokuwepo, na kwa majivu ilipokosekana, na kuna siku halikuwa na uchafu wowote nikalifua kwa kulia tu. Kama lilikuwa na rangi ya kukimbia, ingekwisha kukimbia. Fua, Bwana Mligo. Kiraka kilichofuliwa hakichuji."

Likasuuzwa, likapandishwa jukwaani likiwa limelowa, na honi za magari zinasikika shuleni. Mwenge ukaingia. Manyunyu hayakukoma, maji yakadondoka kutoka kwenye pazia muda wote wa hotuba, matone meupe, kila rangi ikakaa kwenye mpaka wake. Kiongozi wa msafara alipopanda aligusa ile kona, akauliza kazi hii imefanywa na nani.

"Sisi, ndugu kiongozi," akajibu Bwana Mligo. "Kamati."

Sisi! Na mikono yake bado imevimba kwa majivu. Wanawake wakaguna, na Oresta akataka kupaza sauti, lakini Sigrada akamshika mkono. Alikuwa anatazama juu. Watu mia tano walikuwa wamesimama mbele ya shati la Betweli, wamevua kofia, na wimbo wa taifa ulikuwa unaanza. Hilo ndilo alilolijia.

Taarifa iliyopelekwa mjini iliitaja kamati, ikamtaja mwenyekiti wake mara tatu. Oresta hakutajwa, wala Sigrada. Lakini taarifa ile hakuna anayeikumbuka, na maneno ya Sigrada yakaenda sokoni siku iliyofuata, yakaenda kwenye misiba, yakafika hata kwenye mashine ya kusaga. Mtu aliyepita kwenye dhiki na akabaki na rangi yake, akiwekwa kando kwa ajili ya kinachong'aa kilichofika jana, hapa Ihomelo hatubishani kwa hoja ndefu. Tunangoja manyunyu, na tunamwambia mwenye dharau aje aone mwenyewe: kiraka kilichofuliwa hakichuji.