Wimbo Unaomngoja Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Mmeitika kama mliolazimishwa kumeza mwarobaini. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, punda alipokuwa bado anajisifia sauti yake, jua liliwaka mpaka mto ukakauka. Kau! Wanyama wa bondeni wakachimba kisima. Jembe hawana. Wakachimba kwa kwato, wakachimba kwa pembe, wakachimba kwa makucha. Kobe yeye alibeba udongo mgongoni, akautoa nje polepole, kwata, kwata, kwata.

Na mwimbishaji alikuwa nani? Bi Kanga. Mwenye madoa, mwenye maneno. Sauti yake ilikuwa kama bawaba isiyoonja mafuta, lakini ilifika mbali. Yeye aliita, wenzake wakaitika:

"Nyanyua!"

"Heya!"

"Shusha!"

"Heya!"

"Kiu ya nani?"

"Ya sote!"

"Maji ya nani?"

"Ya sote!"

Maji yakatoka, bubujububuju! Wakanywa, wakashiba. Na walipokwisha kushiba, maringo yakaanza.

"Sasa sisi ni nchi," alisema Ndovu. "Na nchi haiwi nchi bila wimbo wake."

"Si tunao ule wa kuchimbia?" Kobe aliuliza.

Bi Kanga akacheka, kwekwekwe! "Ule wa jasho na matope? Waje wageni, tuwaimbie nyanyua-shusha? Ndugu Kobe, huna haya wewe!"

Basi wakatunga wimbo mpya. Simba akasema, "Uanze na jina langu." Nyati akasema, "Na langu lifuate, nisije nikakasirika." Nyumbu walitaka watajwe mmoja mmoja. Kiboko alitaka ubeti mzima wa tumbo lake. Na Bi Kanga? Alitaka yatajwe madoa yake, doa baada ya doa.

Siku ya kuujaribu walianza asubuhi. Jua linazama, bado wako kwa swala, na twiga hajafikiwa hata magoti. Fisi alilala, akaota, akaamka, akakuta wanaimba bado.

Penye wengi pana mengi. "Jina lako limetangulia langu!" "Na wewe lako limevutwa mno!" Wakagombana. Salamu zikakatika. Zamu za kulinda kisima zikaachwa, maana nani alinde na wote wamenuna? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ila kunguru wa siku hiyo alikuwa na mkia mrefu na meno mengi.

Mamba! Mto wake si umekauka? Akaja tumbo chini, shwaa, shwaa, akajitosa kisimani, chubwi! Asubuhi Bi Kanga alipowaleta vifaranga wake kunywa, alikuta macho mawili juu ya maji.

"Hodi, Bwana Mamba. Naona umekosea nyumba."

"Nyumba ni yangu," alijibu Mamba. "Atakayetia mdomo humu, hatautoa."

Bi Kanga akakimbia kuwaita wakubwa. Ndovu akasema, "Aanze Simba, jina lake ndilo la kwanza." Simba akasema, "Aanze Nyati, ndiye mwenye hasira." Nyati akasema, "Kumbe leo mnakumbuka jina langu!" Hakuna aliyesogea.

Kiu ikauma. Vifaranga wakalegea, mabawa chini, midomo wazi. Yule mdogo hata kulia hakuweza tena. Bi Kanga alimtazama, moyo ukamuuma sana. Maneno yote aliyokuwa nayo, na hakuna hata moja la kunywa!

Ikawa akapita Korongo, mgeni wa mbali, anayesifika kwa kuamua mashauri. Wakamwomba aamue. Mamba naye akakubali, kwani alijua kusema uongo bila kupepesa jicho.

"Nani alichimba kisima hiki?" Korongo aliuliza.

"Sisi!"

"Na mimi," alisema Mamba. "Tulichimba bega kwa bega. Walipochoka wakakimbia, nikamalizia peke yangu. Tazama, mwamuzi, nina tope mpaka puani. Wao tope lao liko wapi?"

Korongo akawatazama. Wakavu, wasafi, wamepeana migongo. Akajikuna shingo. "Kwa kweli, tope naliona kwake."

Bi Kanga akatetemeka mpaka madoa yakatetemeka. Kisha akatulia. Njia ya mwongo ni fupi, akajisemea, ngoja niifagie apite vizuri.

"Mwamuzi," alisema, "Bwana Mamba anasema kweli. Tulikuwa naye."

Wanyama wakaguna, mmh!

"Na alikuwa na sauti huyu! Bila yeye wimbo wa kuchimba haunogi. Bwana Mamba, hebu tuimbe, mgeni asikie."

Mamba akavimba kwa sifa. Wimbo aliujua, maana siku zote za kuchimba alikuwa kwenye matete ya mbali, ametega sikio. "Wimbo ule? Niliutunga mimi!"

Bi Kanga akamkonyeza Kobe. Kobe akaelewa. Akamgeuzia Ngiri mgongo, Ngiri akampakia udongo.

"Nyanyua!" aliita Bi Kanga.

Kimya. Wamenuna.

"Nyanyua!" Koo kavu likamkwaruza. Akamtazama yule kifaranga. "Nyanyueni, jamani!"

"Heya," ikajibu sauti moja kutoka nyuma. Alikuwa Fisi, ambaye wimbo mpya ulimsahau kabisa.

Ndovu akaona haya. "Shusha!" akaita Bi Kanga. "Heya!" Wakaingia wawili, wakaingia kumi, wakaingia wote. Kwato juu, kwato chini, di! di! di! Na Mamba kwa mkia wake, paa! paa! Yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Ghafla, wote wakanyamaza.

Mguu wa Ndovu ukabaki hewani. Pembe za Nyati zikabaki hewani. Nzi akatua puani mwa Simba, Simba hakumfukuza. Hata Bi Kanga alifunga mdomo, na hilo nalo lilikuwa ajabu.

"Heya!" aliimba Mamba peke yake. "Heya! Heya!" Mkia wake ukatua ukingoni, paa! Kobe, aliyekuwa akipita hapo na mzigo wake, akaingiza kichwa ndani. Nusura apondwe.

Korongo akainua shingo. "Mbona mmenyamaza?"

"Kobe anapita," walijibu wote kwa pamoja. Tangu ugomvi uanze, hawakuwa wamesema neno moja kwa pamoja.

"Anapopita na udongo," alieleza Bi Kanga, "kila mtu husimama kama alivyo, asije akamkanyaga. Siku ya kwanza hatukusimama. Litazame gamba lake lilivyojaa nyufa! Tuliona aibu, mwamuzi. Aliyechimba hapa hawezi kusahau kusimama."

Korongo akamgeukia Mamba. "Maneno uliyasikia. Kobe hukumwona."

Mamba akalia. Lakini machozi yale, nani asiyeyajua? Ndovu, Simba na Nyati wakasogea pamoja, bila kuulizana nani atangulie. Mamba akatoka, shwaa-shwaa-shwaa, mbio kuliko alivyokuja! Vifaranga wa Bi Kanga wakanywa kwanza.

"Na wimbo wa nchi je?" aliuliza Ndovu.

"Tunao," alisema Bi Kanga. "Ule wa jasho na matope. Ndugu Kobe, unisamehe."

"Lakini haumtaji mtu hata mmoja," alinung'unika Simba.

"Ndiyo maana sote tunaenea ndani yake. Ila mwimbishaji ni mimi, hilo halina mjadala!"

Basi, nanyi mkisikia wimbo wa nchi unaimbwa, simameni wima. Wewe unayejikuna hapo nyuma, nakuona! Ukiuliza kwa nini tunasimama, utaambiwa ni heshima. Ni kweli. Lakini heshima hiyo kwanza ni kwa nani? Kwa mwenye mzigo mzito na mwendo wa pole, apite salama.

Nchi si ya anayetajwa kwa sauti kubwa. Nchi ni ya wanaojua kungojana.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu na akanywe, ila ampishe Kobe kwanza.