Kipini Kilichobaki Kwenye Turubai

Kaeni vizuri, na watoto wapeni maji sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatishwa. Nimeombwa niseme neno hapa kanisani leo siku ya akina mama, na mimi si mtu wa maneno mengi. Nitawapa mfano mmoja, nitawauliza jambo moja, halafu twende tukapike.

Alikuwapo mama mmoja aliyeishi huko juu mlimani na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Binti huyo kichwani yuko sawa kuliko wengi wetu, ila miguu haikumbeba hata siku moja tangu azaliwe. Basi mama ndiye akawa miguu. Alimbeba mgongoni kwenda shule akiwa na miaka saba, akambeba akiwa na kumi, akambeba akiwa na kumi na miwili. Ninyi mnaobeba debe la mahindi kutoka shambani mnajua: debe unaweza kulitua njiani ukapumzika, nalo litakungoja. Kengele ya shule haingoji. Mwaka huo mgongo wa mama ukakataa. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima, akisoma daftari za wenzake.

Mama akauza alichokuwa nacho, akamwagiza wakala wa mjini amletee skuta ya matairi matatu, ile inayotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya watu wasiotembea. Alichoonyeshwa ni picha kwenye simu, basi. Ikapita miezi minne ya kimya. Majirani wakasema ameliwa. Halafu siku moja lori likapanda mlima likinguruma, likashusha uani kwake sanduku la mbao.

"Mama," binti akauliza, "umeagiza pikipiki au kabati?"

Akaitwa fundi. Huyu alikuwa fundi wa pikipiki na bajaji, mtu wa miaka mingi kwenye kazi, mikono yake haikutakata hata siku ya harusi yake. Akatandaza turubai, akalibomoa sanduku, akaanza kutoa vitu. Hapo watu wakasogea. Kila kitu kilikuwa kimekaa ndani ya tumbo la kitu kingine: tairi ndani ya tairi, kiti kimelalia injini, taa imefungwa kwenye sponji kama yai. Na kitabu cha maelekezo kilikuwa cha maandishi ambayo pale mlimani hakuna aliyeweza kusoma hata neno, picha tu ndogo ndogo na mishale. Mnajua ile hali ya kutazama kitu kilichotoka mbali sana, kimepita bahari, na hakuna hata kioo kilichopasuka? Hata wale waliosema ameliwa walinyoosha mikono wakigusa.

Fundi akafanya kazi kutwa nzima ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi skuta ikasimama. Akaipiga stata, ikawaka. Akaizungusha uani, akavuta breki, ikashika. Vigelegele! Binti akapiga makofi mpaka akakohoa.

Fundi akainama kukunja turubai. Akasita. Pale katikati kilikuwa kimebaki kipini kimoja cha chuma, chembamba kama njiti ya kiberiti, kimekunjwa ndani ya karatasi yenye mafuta.

Sasa nisikilizeni. Ninyi mnaoishi na mafundi mnajua kwamba kila fundi ana kopo. Akimaliza kuunga kitu, nati moja mbili lazima zibaki, naye anazitupa kwenye kopo anasema, "Hizi ni za ziada, huwa wanaweka akiba." Sisi tunakubali, tunaondoka. Nani hapa amewahi kumwambia fundi afungue tena kwa sababu ya nati moja? Hakuna. Kitu kinatembea, unataka nini zaidi?

Fundi huyu hakuenda kwenye kopo. Alikiangalia kile kipini, akachukua spana, akaanza kuifungua skuta.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Natafuta mahali pake."

"Mahali pa nini? Si inatembea? Si ninyi mafundi husema huwa zinakuja za ziada?"

"Zinakuja, mama. Za ziada zinakuja kwenye kifuko, nyingi pamoja. Hiki kilikuwa peke yake, na kimekunjwa kwenye karatasi ya mafuta. Mtu hakunji hivi kitu kisicho na kazi."

Akafungua, akatazama, hakuona. Akafunga. Akafungua tena upande wa pili. Jua likapanda. Jirani mmoja mwenye mdomo akasema juu ya ua, "Mama fulani, huyo anajifunzia kwako! Bajaji anazijua, hiyo hajawahi kuiona." Na binti naye, aliyekuwa amekalishwa kwenye mkeka akitazama kila kitu, akasema, "Fundi, ukiifungua mara ya tatu itabidi ulale hapa."

Mama hakucheka. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na mimi simlaumu: "Kaka, shule inafunguliwa Jumatatu. Mtoto wangu ameshakosa muhula mzima. Mimi mgongo sina. Kitupe hicho kichuma, unipe chombo changu."

Fundi akajibu bila kuinua kichwa, "Dada, nipe mpaka jioni."

Nilitangulia kuwaambia kwamba fundi huyu alizoea pikipiki za kawaida. Kwenye pikipiki ya kawaida, breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu. Mikono yake ilikuwa imeifunga breki ya skuta ile kama ilivyofunga elfu nyingine, huku akili yake ikiwaza chakula cha mchana. Mara ya tatu alipofungua, alilala chali chini yake, akatazama kwa muda mrefu sana, kisha akasema taratibu, "Ala."

Skuta ile haikuwa na pedali ya mguu hata moja. Breki ilikuwa moja tu, ya nyuma, imeunganishwa na fimbo nyembamba ya chuma, na fimbo ile ilipanda, ikapita chini ya kiti, ikafika mkono wa kulia wa dereva. Yeye alikuwa ameiingiza tu kwenye tundu lake. Ilishika kwa sababu ilikuwa mpya na ya kubana. Na pembeni ya lile tundu palikuwa na kijitundu kingine, kidogo, cha kupitisha kitu chembamba kama njiti ya kiberiti.

Mtu mwingine angekitia kipini kimyakimya na kwenda zake. Huyu alimwita mama, akamwita na binti, wakamleta karibu. Akawaambia, "Sijakitia bado. Tazameni." Akaushika mkono wa breki, akavuta kwa nguvu, kama mtu anayeteremka mlima. Mara moja. Mbili. Tatu. Inashika vizuri kabisa. Nne. Tano. Jirani ameshaning'inia juu ya ua. Saba. Nane.

Mara ya tisa fimbo ikachomoka, ikaanguka kwenye turubai. Mkono wa breki ukabaki unacheza mkononi mwa fundi, mlegevu, hauna kitu.

Kisha fundi akamuuliza binti, "Mama yako anakubeba njia ipi kwenda shule?"

"Ya kushuka."

"Wewe unaijua njia hiyo?"

Binti akacheka kidogo. Aijue njia? Miaka sita ameitazama juu ya bega la mama yake, hana kingine cha kufanya ila kutazama. Akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole kila mahali ambapo ingebidi afunge breki. "Hapa mlangoni. Kwenye mgomba wa bibi. Kona ya kwanza. Kwenye mawe. Kona ya pili. Bombani, kuna watoto. Kwenye kisima cha zamani. Kona kubwa." Vidole vinane. Akainua cha tisa, akafumbua macho, akamtazama mama yake.

"Darajani," akasema.

Daraja lile halina kingo. Mama akakaa chini, palepale kwenye mavumbi, na kitenge chake kipya.

Fundi akachukua kile kipini, akakifuta kwenye shati, akakipitisha kwenye kijitundu, akakunja ncha zake mbili, moja huku moja huku. Kazi ya kupepesa jicho. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niwaletee mfano huu. Alisema, "Aliyetengeneza hiki hajawahi kufika hapa. Hajui kona yetu hata moja. Lakini alikaa mahali, akamuwaza mtu asiye na miguu anayeteremka, akasema huyu asipokuwa na kipini, hana kitu. Akakikunja kwenye karatasi ya mafuta kisishike kutu baharini."

Na kabla hajaondoka akamwambia mama, "Kila asubuhi, kabla ya uji, weka mkono hapa chini ukiguse. Kikiwa kimekaa, aende. Siku usipokigusa, asiende." Jumatatu mama akakigusa, binti akateremka peke yake, na mama akabaki mlangoni akisikiliza mlio mpaka ulipovuka daraja.

Wapendwa, mimi nikiwaza hilo nywele zinanisimama. Kama mtu tu, mfanyakazi wa kiwandani ambaye jioni anarudi kwake kula, aliweza kuwaza hivyo juu ya mtu asiyemjua, je, Yeye aliyetuunda sisi? Yeye anayejua kona zote, na daraja, na kidole cha tisa? Mnafikiri ametengeneza mtu mmoja wa ziada? Mnafikiri kuna mtu amemleta duniani ili awe wa kopo?

Mnasema amina. Ngojeni kwanza, msiseme.

Kanisa hili tulilijenga sisi. Tulibeba mchanga, tulipika, tulichangishana. Siku ya kulifungua tulipiga vigelegele kama wale wa uani. Na kweli linatembea: kwaya ipo, sadaka ipo, vipaza sauti vipo. Leo asubuhi nilikuja mapema kufagia, nikahesabu ngazi za mlango wetu. Ni saba. Sijawahi kuzihesabu tangu tujenge, kwa sababu miguu yangu ni mizima, na mikono iliyozoea inafunga kama ilivyozoea.

Sasa lile swali langu. Ile sauti ya pili tunayoisikia kila Jumapili kwenye nyimbo, inayotoka nje, upande wa dirisha la kushoto, ni ya nani?

Mnaijua. Ni Bibi Namkunda. Miaka mitatu sasa, tangu miguu yake ipooze, wajukuu wanamsukuma kwenye kiti mpaka chini ya dirisha, anaimba na sisi kupitia nondo. Mvua ikinyesha anaondoka. Tumemzoea. Kuna hata mtu aliniambia ni vizuri, pale nje anapata hewa. Huko ndiko kumtia mtu kwenye kopo, ndugu zangu, na tumefanya hivyo huku tukiimba. Na mimi nimo, maana dirisha lile mimi ndiye ninayelifungua.

Na yule bibi alitufundisha wengi wetu hapa hizi nyimbo. Siku tukishikwa na mteremko, msije mkashangaa breki haina kitu.

Sitaki machozi, machozi hayajazi ngazi. Nyuma ya jiko la kanisa kuna kifusi cha mawe kilichobaki wakati wa ujenzi, na mifuko miwili ya saruji ninayo mimi kwa ajili ya choo changu. Choo kitangoja. Jumamosi saa mbili asubuhi tunateremsha njia ya mtelezo kutoka mlangoni hadi chini, pana ya kupita kiti. Wanaume njooni na koleo. Asiye na koleo aje na karai. Na tukishamaliza, tutapanga zamu ya kumpitia nyumbani kila Jumapili, kabla ya uji.

Ile amina yenu mtanipa Jumapili ijayo, naye akiwa ndani.