Chubwi Shingoni mwa Mtoto

Hebu nyinyi wa nyuma, mlioegemea ukuta kama magunia ya mkaa, amkeni. Huu mfano ni wenu.

Palikuwa na mvuvi mmoja, mdomo wake mrefu kuliko ngalawa yake. Ndoana anafunga mwenyewe. Chubwi, yale madude ya madini ya risasi yanayozamisha mshipi, anazimimina mwenyewe, tena jikoni kwa mkewe. Anapasua betri kuukuu za gari, ile risasi yake anaitia kwenye sufuria ya uji, moto chini. Moshi wake? Kunguru wa mtaa mzima walihama wanakohoa! Ikishayeyuka anaimimina kwenye vishimo vya mchanga mkavu, halafu anajisifu: "Chubwi yangu mimi ukiitupa inatoboa bahari, inawatokea Wachina kwenye sahani ya wali!"

Sasa huyu bwana alikaa na mkewe bila mtoto mpaka wambea wakachoka kuuliza. Mwisho akapata binti. Mmoja tu. Furaha ile! Akamimina kichubwi kidogo kinachong'aa, akakitoboa, akamfunga mtoto shingoni kwa uzi wa mshipi, kijicho kisimpate. Mtoto anatambaa nacho, anakinyonya kutwa, maana kina utamu fulani hivi. Baba anacheka mpaka machozi: "Mwoneni! Mtoto wa mvuvi huyo!"

Mtoto akaanza kukonda. Tumbo linamsokota, uji hataki, rangi imemtoka. Mama mkwe, aliyekuja kusaidia kulea, akasema kwa adabu, "Baba, hii kazi ya moshi huwezi kuifanyia nje? Na hilo jidude la shingoni..."

"Mama, usinifundishe kazi! Tangu uingie humu ndani mwanangu hajacheka. Unampa nini?"

"Nampa uji, baba."

"Uji gani huo? Fungasha!"

Mama wa watu akatoka na kifurushi chake, analia njiani. Yule bwana akawaza: mchawi mkubwa vile, kichubwi kidogo kitamweza wapi? Akamimina kingine, mara mbili ya kile, akamfunga mtoto.

Siku mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, baba akambeba mbio hospitali, anapiga kelele njia nzima hata viziwi wakasikia: "Nikimjua aliyempa mwanangu sumu, namfunga jiwe shingoni, namtosa baharini!"

Muuguzi akampokea mtoto, akamfungua nguo. Akaishika ile chubwi. Imelowa mate, ina alama za vijino viwili.

"Nani kamfunga hii?"

"Mimi baba yake. Ni kinga."

"Baba, hii ni risasi. Sumu yenyewe ndiyo hii."

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka na kunguru wangu? Na yeye, mtu aliyekuwa anajisifu hata usingizini, alijishika shingo yake mwenyewe. Mtoto hakuamka tena. Aliyekuja kumwosha ni yule yule mama mkwe. Alipomaliza akamwekea mkwewe ule uzi mkononi, akatoka.

Sasa tuseme sisi. Mtoto akiharibika, tunamtafuta nani? Jirani, shangazi, mke mwenza, mama mkwe. Tunafukuza watu wazima kama kuku jikoni. Nani alimfundisha mwanao kumchukia baba yake mdogo? Nani alimwambia, "Sisi si wa kuomba radhi"? Uliyamimina mwenyewe hayo, nyumbani kwako, ukaona yanang'aa, ukamfunga kwa mkono wako. Mtoto anakonda, wewe unamwongezea kubwa zaidi!

Tukitoka hapa, tusimguse mtu kwa maneno. Twende nyumbani kwanza tukapapase shingo za watoto wetu. Na uzi tukiukuta, tuukate leo, wakati bado wanapumua.