Safu za Vigae 11,111

Sogeeni karibu. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, na mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Watu watatu walichukuliwa makwao kwa nguvu wakajenge jumba la mfalme. Mwanamvua akihesabu kitu hapotezi hesabu hata umsemeshe. Kombo aligawa namba kichwani upesi kuliko unavyomenya chungwa. Hidaya hakuwa na kipaji cha kutaja, ila ukimwambia jambo haliwezekani, hakubali mpaka ajaribu.

Siku moja vikaletwa vigae vya ukumbi. "Vipangeni safu nyingi zilizo sawa," mfalme akasema. "Kisibaki hata kimoja, kisikatwe hata kimoja. Atakayenipatia idadi ya safu atarudi kwao."

Kombo aliposikia hivyo akasogea mbele. Mtoto wake alizaliwa kwao yeye akiwa hayupo, naye alikuwa hajamwona.

Msimamizi alisema vigae ni elfu kumi. Mwanamvua hakumwamini. Akavihesabu kimoja kimoja juani, mgongo ukimuuma, kisha akarudia. "Ni elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja," akasema, akajilaza palepale.

Kombo akaanza kugawa. Safu mbili, kikabaki kimoja. Tatu, vikabaki viwili. Nne hakuihangaikia, maana vilivyogoma kwa mbili haviwezi kukubali kwa nne. Saba, vikabaki viwili. Kumi na moja, kimoja. Ishirini na tatu, viwili tena, na hapo nusura alie. Alipofika thelathini na saba vikabaki kumi na moja, na kichwa kilikuwa kizito.

"Haigawanyiki hii," akamwambia Hidaya. "Namba ni moja tupu, mwanzo mpaka mwisho. Itakubali nini?"

"Ya kujaribu sasa ni ipi, kaka?"

"Arobaini na moja. Jaribu wewe, dada yangu, mimi basi." Akasinzia.

Hidaya hakujua kugawa upesi. Akaokota kaa la moto lililozimika, akaandika sakafuni, akafuta, akaandika tena. Safu arobaini na moja, kila safu vigae mia mbili sabini na moja. Hakikubaki kitu.

Wote watatu wakampelekea mfalme idadi hiyo, naye akaridhika. "Aende mmoja. Wawili wabaki wavipange."

Mwanamvua akasema, "Bila mimi mngegawa elfu kumi ya msimamizi, na vingine vingewabakia mikononi."

Hidaya akasema, "Nyote mlikuwa mmelala."

Kombo alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyezimaliza namba zote zilizogoma, akamwachia mwenzake moja tu. Alimwonea Hidaya wivu, akajionea haya. Akawatazama wanawake wale wawili, macho yao mekundu kama yake.

Mlinzi ameshafungua lango, na anayepita ni mmoja. Je, wewe uliyekaa ukasikiliza, ungemtoa nani, na wale wawili ungewaambia nini?