Nyegere na Mkeka wa Fungo

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Na nyinyi watu wazima mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, fungueni vinywa. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mko hai. Kaeni vizuri, maana nikisimulia mimi hata chungu jikoni husahau kuchemka.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, babu wa babu yako hajaota hata jino, wanyama walipikia mawe. Ndiyo, mawe! Hawakukata kuni. Hawakupuliza moto mpaka macho yakawatoka. Walikuwa na jiwe la moto. Unaliweka chini ya chungu, chungu kinatokota, tok-tok-tok, wote wanakula. Msiniulize jiwe lilipataje moto. Siku mwalimu alipofundisha hilo, mimi nilikuwa nje nafukuza panzi.

Lakini jiwe nalo huchoka. Likichoka, halichemshi chungu tena. Na hapa tegeni masikio, maana hapa ndipo wajinga huungua: jiwe limechoka, halijafa. Ukilishika, manyoya yanapukutika. Ukilala karibu nalo, unaamka unatapika. Na hasira yake haiishi kesho wala keshokutwa. Watakuja wajukuu, watakuja vitukuu, watakuja vilembwe, jiwe bado limenuna.

Utalitupa wapi? Mtoni? Maji ya mto ndiyo unayokunywa. Kwa jirani? Jirani ana pembe. Basi wanyama wakafinyanga mitungi minene. Wakaijaza maji ya kuyapoza mawe. Wakayazamisha mawe humo, chubwi, chubwi. Wakaifukia mitungi juu ya kilima, vikabaki vifuniko tu usoni pa ardhi. Pakaitwa Kilima cha Mitungi. Mlinzi akawekwa Fungo.

Fungo mnamjua? Yule mwenye madoadoa, anayenukia zabadi, marashi yake mwenyewe. Mwenyeji kwelikweli! Uwanja wake, huko huko kilimani penye mitungi, ulifagiwa asubuhi, ukafagiwa jioni. Ukipita ng'ambo ya bonde utamsikia: "Karibuuu! Pita ule!"

Na kila mwaka, mavuno yakiisha, chifu wa nchi, Bibi Nyati, alimtuma mkaguzi kwenda kutazama kama mitungi ni mizima. Mkaguzi alikuwa Mzee Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, na heshima ndefu kuliko vyote viwili.

Ngoma ilitangulia. Ndi! Ndi! Ndi! "Mkaguzi yuaja! Mkaguzi yuaja wiki ijayo!"

Fungo akisikia, anafagia. Anakaanga kambare. Anatandika mkeka wa wageni, wa ukindu, wenye rangi kama upinde wa mvua. Korongo anafika, nya, nya, nya, na miguu yake ile.

"Shikamoo, Mzee Korongo."

"Marahaba, Fungo. Wa hapa hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Keti mkekani kwanza, kazi haina miguu."

Korongo anaketi. Anakula. Analala. Siku ya pili anazunguka mitungini, anagonga vifuniko kwa mdomo wake. Ko! Ko! Ko! Vifuniko vinaitika, ngo! ngo! ngo! Korongo anafurahi, anaimba:

Mtungi mzima,
tumbo limejaa,
mwenyeji ahsante,
narudi kwetu.

Huyo, anarudi kwao. Mwaka unaofuata, ndi! ndi! ndi! Kambare, mkeka, ko! ko! ko! Mtungi mzima, tumbo limejaa. Na huko nyumbani anasifu: "Jamani, mkeka wa Fungo una joto! Ukikaa, mifupa yote inalainika."

Una joto. Mmesikia? Wengine mmeshacheka. Wengine mko kama Korongo, nawaonea huruma.

Sasa chini ya kilima palikuwa na tope. Tope zuri, laini, la kugaagaa. Hapo aliishi Mama Ngiri na watoto wake. Siku moja kitinda mimba wake akatoka topeni, akajikung'uta, manyoya yakadondoka shata! kama nyasi za paa bovu. Kesho yake akakataa kula. Keshokutwa akasimama, akaanguka.

Mama Ngiri akambeba mwanawe mpaka barazani kwa Bibi Nyati, mbele ya wanyama wote.

"Chifu, mwanangu ananyonyoka. Kilimani kuna kitu kinavuja."

Korongo akanyoosha shingo. "Mama, mimi nimekagua. Nimegonga kila kifuniko. Vyote vizima."

"Uligonga vifuniko. Matumbo ya mitungi uliyaona?"

"Matumbo yako ardhini! Tena mimi ni mgeni pale. Mgeni hachungulii chumbani kwa mwenyeji."

"Basi adabu yako inaniulia mtoto, mzee."

Bibi Nyati akatazama huku na huku. "Nani atakwenda kukagua upya?"

"Mimi," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Nyegere. Binti mdogo, mgongo mweupe, ngozi ngumu, mdomo mgumu zaidi. Wanyama wakaangua kicheko.

"Wewe? Si ndiwe uliyefukuzwa msibani kwa kucheka?"

"Ndimi. Na marehemu mwenyewe angecheka, mngemjua. Chifu, nitume. Ila ngoma isipigwe. Mnampigia ngoma mkaguzi, kwani anakwenda kuolewa?"

Bibi Nyati akacheka puani. "Nenda. Na mtoto huyu asinywe tena maji ya bondeni. Mama Ngiri, kaa kwangu, kisima changu kiko upande wa pili."

Nyegere akaenda. Hakuna ngoma, hakuna vumbi. Akamkuta Fungo kapiga magoti, anamimina maji chini ya ukingo wa mkeka. Fungo akashtuka, mtungi wa maji ukamponyoka, kwaa!

"Shikamoo, Baba Fungo. Unamwagilia mkeka? Utaota?"

"Ma… marahaba, binti yangu! Mbona bila taarifa? Hata mboga sijachuma! Karibu, keti, keti hapa."

Nyegere akaweka kiganja mkekani. Vuguvugu. Na jua lilikuwa bado limejificha nyuma ya mawingu. Akaondoa kiganja, akaketi chini, mbali kabisa.

"Baba, mkeka una nini chini?"

"Chini ya mkeka kuna ardhi, binti. Kwenu kuna nini?"

"Ukunje nione."

Fungo akasimama wima. Manyoya yakasimama naye. "Kwenu hamfunzwi? Tangu lini mgeni akakunja mkeka wa mwenyeji? Ukitoka hapa, nchi nzima itasikia kwamba Nyegere kaja kunivua nguo kwangu!"

Nyegere, kwa ukorofi wake wote, hakuugusa mkeka. Mila ni mila. Ukimkunjia mtu mkeka wake umemtukana na mama yake, na neno la mtukanaji halisikilizwi barazani. Angerudi na ukweli mkononi na hakuna wa kuupokea. Huku mtoto wa Ngiri anahema, hee, hee, hee.

Akawaza. Kisha akatabasamu, meno yote nje. Nyegere akitabasamu, mjiandae.

"Samahani, baba. Nimekosa. Leta hicho chakula."

Akala. Akashukuru. Akalala uani, mbali na mkeka. Siku ya pili akagonga vifuniko kama Korongo, ko! ko! ko! Fungo akapumua. Jioni akamfungashia kambare wa njiani, majani ya mgomba juu yake.

"Safari njema, binti. Mwambie chifu mitungi mizima."

"Safari gani, baba? Mimi nipo."

"Upo?"

"Nipo. Chakula chako kitamu."

Fungo akalala nusu jicho. Mkaguzi huondoka siku ya pili! Tangu kilima kiwe kilima, hakuna aliyewahi kuamka hapo siku ya tatu. Kulipokucha, Nyegere huyo mlangoni, kajinyoosha, kakunja mikono.

"Baba Fungo, umeamkaje? Jembe langu liko wapi?"

"Jembe?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Au kwako mila inafanya kazi kwenye mkeka tu?"

Fungo akatazama kushoto. Akatazama kulia. Majirani walishaamka, walishasikia. Kumnyima mgeni wa siku ya tatu jembe ni kumfukuza, na Fungo, bwana mwenyeji, angekufa kabla ya kuitwa mchoyo. Akaingia ndani. Akatoka na jembe.

"Kalime kule, kwenye mihogo."

"Mihogo imelimwa, nimeiona. Mimi leo mtu wa nyumbani, nitafagia na kulima uwanja. Naanza hapa." Akaukunja mkeka, vururu! mpaka mwisho. Fungo angemzuiaje? Mwenye jembe si mgeni.

Chini ya mkeka palikuwa na kifuniko. Kizima, hakina hata mkwaruzo. Kikigongwa kingeitika ngo! kama ndugu zake. Lakini Nyegere hakugonga. Alichimba kando yake. Ku! Ku! Ku! Udongo ukatoka mkavu. Ku! Ku! Ukatoka umelowa. Ku! Ukatoka moto. Tumbo la mtungi likaonekana, na juu yake ufa, mrefu kama mjusi, unatoa maji tiri, tiri, tiri, yanateremka bondeni.

Nyegere akaruka nyuma, akapiga yowe. "Nchi nzima njooni! Msikaribie, ila njooni!"

Wakaja. Bibi Nyati, Mama Ngiri, Korongo, wote. Korongo alipoona mtungi asiowahi kuuhesabu uko pale pale alipokuwa akila kambare, akainamisha kichwa kutazama tumbo lake mwenyewe. Chini ya mbawa, manyoya hayakuwepo. Alidhani ni uzee.

Fungo akaketi chini, akalia. "Ufa niliuona zamani. Nikasikia ngoma ya mkaguzi. Nikasema, mimi Fungo, nionekane nyumba yangu inavuja? Nikatandika mkeka. Mwaka uliofuata ningesemaje? Nikatandika tena. Kila asubuhi naongeza maji, kila jioni yamepungua. Nimechoka, chifu."

"Afukuzwe!" wanyama wakanguruma. "Afukuzwe leo leo!"

Mama Ngiri akasogea mbele. Wakampisha, maana yeye ndiye mwenye machungu.

"Nampigia kelele kuliko nyinyi wote, moyoni humu," akasema. "Lakini mkimfukuza kwa sababu mmeuona ufa, atakayekuja baada yake atasuka mkeka mkubwa zaidi. Fungo abaki. Ila mimi ninayekunywa maji ya chini, nitakuwa napanda kukagua. Na nikija, sili."

Bibi Nyati akapiga kwato, ndu! Ikawa sheria.

Wakafinyanga mtungi mpya, mnene mara mbili. Wanyama wenye nguvu wakashika magongo marefu, Korongo akapaa juu akiongoza, "Kushoto! Kulia! Taratibu, msinichome mara ya pili!" Jiwe likatoka likifuka moshi, likaingia maji mapya, chubwiii! Udongo uliolowa wakauchimba wote, nao ukaenda kufungiwa mitungini. Tope la bondeni likazungushiwa miiba, asigaagae yeyote. Halafu wakachimba mtaro kuzunguka kila mtungi, ili tumbo lionekane, na Korongo akapewa kazi iliyoifaa shingo yake: kuichovya mtaroni na kutazama, si kugonga. Mwaka huu Nyegere aongoze, mwaka mwingine mwenzake, asije mkaguzi akageuka shemeji wa mlinzi. Na wanachokiona wakitangaze kisimani, kwa sauti, penye wanywaji.

Mtoto wa Ngiri je? Alipona, jamani, futeni machozi. Manyoya yalirudi, isipokuwa pajani, palibaki upara kama sahani. Wenzake wakimcheka anawang'ata.

Mavuno mengine yakaisha. Hakuna ngoma. Nyegere, Mama Ngiri na Korongo wakapanda kilima asubuhi tu, kimya. Wakamwona Fungo kwa mbali. Naye akawaona. Akatupa ufagio, akawakimbilia mbio, vumbi nyuma. Hakusema karibu. Hakusema keti.

"Afadhali mmekuja!" akahema. "Ule wa mwisho, ubavuni, una unyevu tangu jana. Sina hakika ni umande au ni ufa. Njooni muone wenyewe, upesi, njooni!"

Nyegere akamtazama Mama Ngiri. Mama Ngiri akamtazama Fungo. Kisha akasema, "Tangulia, ndugu yangu. Tuoneshe." Ndiyo mara ya kwanza kumwita ndugu.

Mmeelewa, au nianze upya kwa wale wa nyuma? Nasema wazi: mkaguzi si mgeni, na ufa si aibu, aibu ni mkeka ulioufunika. Kitu kitakachoishi kuliko wewe, kitazamwe tumboni, usikigonge kifuniko ukaenda zako kushiba.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naufunga. Mwenye yake tamu kuliko hii asimame. Nilijua hakuna.